Kutoka kambi ya Nyarugusu hadi polisi wa jimbo la Pennsylvania: historia ya ukimbizi ni kizuizi?

Mwana wa Fizi (Erie, Pennsylvania) ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu wa rika moja.

Nina umri wa miaka 24, ninaishi Erie, na ninafanya kazi ya zamu ya usiku ghalani. Nilizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambako wazazi wangu walifika kutoka Fizi, mashariki mwa Kongo, kwa sababu ya vita vya mwaka 1996, na tukahamishiwa Marekani nikiwa bado mtoto wa shule. Sekondari nimemaliza hapa, leseni ya udereva ninayo, sijawahi kukamatwa kwa kosa lolote, na baba yangu alipokula kiapo cha uraia mimi nilikuwa sijafikisha miaka 18.

Ninataka kuwa askari wa polisi wa jimbo. Yeyote anayeishi Erie anaijua barabara kuu ya I-90 wakati theluji ya ziwani inaposhuka kwa wingi hata taa za gari lililo mbele yako hazionekani. Nimewaona askari hao wakisimama kando ya magari yaliyoteleza, wakiwahamishia watoto kwenye gari lenye joto na kuyaelekeza malori kwa tochi, na kwa muda mrefu sasa sioni kazi nyingine ninayoitamani kuliko hiyo.

Naomba mnieleze kwanza tofauti iliyopo kati ya polisi wa jimbo, polisi wa jiji na sherifu, maana kila ninayemuuliza ananijibu lake. Jambo linaloninyima usingizi zaidi, hata hivyo, ni uchunguzi wa historia ya mwombaji. Tarehe yangu ya kuzaliwa katika karatasi zote ni Januari 1, kama ilivyo kwa nusu ya watu ninaowafahamu kutoka kambini. Mimi na ndugu zangu kila mmoja ana jina lake la ukoo, kwa kuwa nyumbani mtoto hupewa jina la babu, la shangazi au la marehemu. Miaka yangu ya mwanzo haina anwani, haina shule ya kupigiwa simu, wala jirani ambaye mpelelezi anaweza kumfikia. Je, mtu wa namna hii anaweza kupita?

Isitoshe, baba hataki kabisa kusikia habari hizi. Anasema kwamba hakutembea kwa miguu hadi ziwani, akavuka kwa mtumbwi usiku, ili mwanawe aje kuvaa magwanda.

---

Karani wa Uhamiaji (Pittsburgh) amejibu:

Marahaba, mdogo wangu. Ninafanya kazi katika ofisi ya mawakili wa uhamiaji, kwa hiyo nitashughulika na sheria na karatasi, na mambo ya sare nitawaachia wenye sare.

Polisi wa jiji wako chini ya meya na baraza la jiji lao, na mamlaka yao kwa kawaida huishia mpakani mwa jiji hilo. Sherifu huchaguliwa kwa kura na wananchi wa kaunti, na kazi yake hutofautiana sana kutoka jimbo hadi jimbo: kule Texas sherifu ndiye polisi wa vijijini, lakini hapa Pennsylvania watu wake hasa hulinda mahakama, husafirisha mahabusu na kupeleka hati za mahakama. Polisi wa jimbo wako chini ya serikali ya jimbo, na hapa Pennsylvania mkuu wao huteuliwa na gavana kwa idhini ya baraza la seneti. Hapo napo majimbo hayafanani. Jirani zenu wa Ohio wana doria ya barabara kuu, iliyoundwa mwaka 1933, ambayo shughuli zake hasa ziko barabarani na kwenye mali za serikali ya jimbo. Pennsylvania ina polisi wa jimbo wenye kazi zote, kwa sababu zaidi ya nusu ya manispaa zake zinawategemea wao kwa ulinzi wote au sehemu ya ulinzi. Askari yuleyule aliyeongoza malori kwenye theluji ndiye atakayeitwa saa mbili baadaye mahali mume na mke wanapopigana, au ghala lililovunjwa, au nyumba iliyokutwa na maiti. Usije ukaomba kazi ukidhani utakaa I-90 tu.

Kikosi hicho kiliundwa tarehe 2 Mei 1905, na ndicho kinachohesabiwa kuwa cha kwanza nchini cha polisi wa jimbo wenye sare. Kilitokana na mgomo mkubwa wa wachimba makaa ya mawe wa mwaka 1902, enzi ambazo migodi ililindwa na walinzi waliolipwa na makampuni yenyewe. Wachimbaji wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki, na walipoona askari wapya wa farasi wakitumwa kwenye migomo yao waliwaita Kosaki, jina la askari wa farasi wa mfalme wa Urusi. Ninalitaja hili kwa ajili ya mzee wako. Hofu ya sare iliyobebwa kutoka nyumbani iliingia jimbo hili kabla yetu, na haikuwa hofu ya bure.

Sasa uraia. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1978, katika kesi ya Foley dhidi ya Connelie iliyotoka New York, kwamba jimbo lina haki ya kumkataa mtu asiye raia katika kazi ya askari wa jimbo, hata kama ana kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, na anaishi nchini kihalali, kwa hoja kwamba askari anatumia mamlaka ya dola juu ya raia wenzake kila siku. Uamuzi huo unaliruhusu jimbo kuweka sharti la uraia bila kulilazimisha. California ilibadilisha sheria yake, na tangu Januari 2023 inatosha kuwa na kibali halali cha kufanya kazi. Illinois ikafuata Januari 2024. Pennsylvania bado inadai uraia. Kwa wasomaji wengine walioingia kama wakimbizi: kadi ya kijani huombwa baada ya mwaka 1, lakini tarehe ya ukaazi wa kudumu huandikwa kuanzia siku mliyoingia nchini, kwa hiyo ile miaka 5 ya kuomba uraia huhesabiwa tangu siku ya uwanja wa ndege.

Kwako wewe, mdogo wangu, kuna jambo ninaloliona ofisini karibu kila wiki. Kijana aliyepata uraia kupitia mzazi amekuwa raia kwa nguvu ya sheria siku ileile mzazi alipoapishwa, mradi alikuwa chini ya miaka 18, mwenye ukaazi wa kudumu, anaishi na mzazi huyo na yuko chini ya malezi yake. Hakuna anayemletea cheti nyumbani. Wengi wanaendelea kutembea na kadi ya kijani iliyoisha muda na hawana karatasi hata moja inayosema ni raia. Usipeleke maombi kabla hujapata pasipoti ya Marekani au cheti cha uraia kinachoombwa kwa fomu ya N-600. Pasipoti kwa kawaida ni nafuu na huja haraka zaidi.

Masharti mengine ya Pennsylvania si mengi. Ni lazima uwe na angalau miaka 20 unapoomba, na unapoingia chuo cha polisi uwe umefikisha 21 lakini hujafikisha 40. Uwe na leseni ya udereva. Na uwe mkaazi wa jimbo unapohitimu. Zamani walidai masomo ya chuo, sharti ambalo Gavana Josh Shapiro aliliondoa kwa kadeti, yaani askari wanafunzi, mwaka 2023, kwa hiyo cheti chako cha sekondari kinatosha.

---

Afande wa Magharibi ya Kati amejibu:

Nimelisoma swali lako nikiwa nimetoka kazini, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu hilo la historia ndilo linalowakatisha tamaa vijana wetu bila sababu. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu na ninatumikia polisi wa jimbo katika jimbo mojawapo la Magharibi ya Kati, ambalo nitaomba nisilitaje. Taratibu za kila jimbo zina tofauti zake, lakini ngazi zinafanana: maombi, mtihani wa kuandika, mtihani wa viungo, mashine ya kupima uongo, uchunguzi wa historia, daktari, mtaalamu wa akili, kisha chuo.

Mpelelezi wa historia hatafuti mtu asiye na doa, kwa kuwa anajua hatampata. Anataka kuhakikisha kwamba maneno ya kinywa chako, yaliyomo katika fomu yako na yaliyomo katika rekodi ni kitu kimoja. Sababu yake ni ya kisheria kabisa. Tangu uamuzi wa Brady dhidi ya Maryland wa mwaka 1963, na mwingine wa mwaka 1972 ulioupanua, mwendesha mashtaka analazimika kumpa mshtakiwa ushahidi unaoweza kumsaidia, na hiyo ni pamoja na habari kwamba askari anayetoa ushahidi aliwahi kusema uongo. Askari aliyethibitika kuwa mwongo hawezi tena kusimamishwa kizimbani bila wakili wa utetezi kumchambua, na askari asiyeweza kutoa ushahidi hana kazi ya kufanya. Ndiyo maana mtu aliyefukuzwa kazi ya ghalani akaeleza kwa nini anaweza kupita, na mwenzake aliyeficha faini ya kuendesha kasi akakataliwa.

Kwa hiyo Januari 1 isikutishe. Unapofika kwenye nafasi ya tarehe ya kuzaliwa, andika hiyo iliyomo kwenye karatasi zako, maana ndiyo tarehe yako ya kisheria. Ukiulizwa, eleza kwamba wakati wa kuandikishwa kambini watu wengi wasiokuwa na cheti cha kuzaliwa waliandikiwa siku ya kwanza ya mwaka. Usijaribu kuirekebisha kwa kumbukumbu za mama. Tarehe mbili tofauti katika faili moja ndizo zinazoleta maswali. Kuhusu majina, tayarisha ukurasa mmoja wenye orodha ya wazazi na ndugu wote, majina yao kamili kama yalivyo kwenye karatasi, tarehe zao, mahali wanapoishi, na sentensi chache za kueleza utaratibu wetu wa kutoa majina. Mpelelezi aliyezoea familia yenye jina moja la ukoo atashukuru kuuona ukurasa huo kabla hajaanza kujiuliza.

Kuhusu miaka isiyo na anwani, andika "Kambi ya Wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, Kigoma, Tanzania", na ukikumbuka namba ya zoni na ya kijiji, ziandike pia. Usiiache nafasi hiyo wazi wala usibuni mtaa. Ulikuwa mtoto; hakuna anayetarajia upelelezi wa kituo cha polisi kwa mtoto. Kabla ya kupanda ndege ulichukuliwa maelezo, na wakubwa wa familia walichukuliwa alama za vidole na kuhojiwa na maofisa wa uhamiaji wa Marekani, uchunguzi ambao wenyeji wengi wa hapa hawajawahi kuupitia maishani mwao. Watu watakaohojiwa juu yako ni wa hapahapa: walimu, majirani, msimamizi wa ghala, mchungaji au imamu, na mara nyingine mchumba wa zamani.

Tazama pia madeni. Wapelelezi huvuta taarifa ya mikopo, na ndani yake wengi wetu tuna lile deni la tiketi ya ndege ambalo familia hutia sahihi kabla ya safari. Kama liko kwa jina la baba halikuhusu, lakini kama ulikuwa mtu mzima na jina lako limo, hakikisha linalipwa, hata kidogokidogo, na utunze risiti.

Erie iko katikati ya New York na Ohio, na majimbo yote mawili yameruhusu bangi kwa watu wazima. Mwenzako wa ghalani anaendesha gari muda mfupi tu, ananunua dukani kihalali, anarudi nayo. Usiiguse. Sheria ya serikali kuu inamnyima silaha mtumiaji wa bangi bila kujali duka lilikuwa halali kiasi gani, na mbele ya mashine ya kupima uongo utaulizwa mara ya mwisho ilikuwa lini.

La ugomvi wa nyumbani ni zito zaidi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 1996 yajulikanayo kwa jina la Seneta Lautenberg, mtu aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wake, hata kama kosa limehesabiwa kuwa dogo, haruhusiwi kushika bunduki, na polisi hawakupewa msamaha. Nimeona vijana wa jamii yetu wakikiri kosa mbele ya hakimu ili mambo yaishe upesi warudi kazini, kwa kuwa walishauriwa kwamba ni faini tu, na siku ile ndoto ya kuvaa beji ikafungwa. Yeyote aliye katika hali hiyo amwone wakili wa jinai kabla ya kukiri chochote.

Jambo jingine ni la kwetu peke yetu. Katika makundi ya simu kuna michango ya kila aina: misiba, matibabu, ada za shule. Kuna pia michango ya "vijana wanaolinda ardhi yetu" kule Kivu. Ninayajua maumivu yanayowafanya watu wachange, kwa sababu na mimi nina ndugu kule. Hata hivyo, fedha inayokwenda kwa kundi lenye silaha inaweza kuwa kosa kubwa chini ya sheria za Marekani, lipewe jina lolote lile, na video za wapiganaji ulizosambaza zitasomwa na mpelelezi asiyejua Fizi iko wapi. Jitoe katika makundi hayo, na ukiulizwa kama uliwahi kuwemo, jibu kweli.

Chuoni kwenu, kule Hershey, ni mafunzo ya zaidi ya miezi 6 mkilala hukohuko, na mnalipwa mshahara mkiwa kadeti. Anza kukimbia sasa. Mbio za maili 1.5, za mita 300, kuruka juu na pushapu vinahitaji miezi ya maandalizi, hasa kwa mtu wa zamu za usiku anayekula ovyo. Lakini wengi wanaoshindwa miongoni mwetu hushindwa kwenye kalamu. Kazi hii ni ya kuandika: saa tisa usiku, ndani ya gari, umepima alama za matairi na umezungumza na mashahidi wawili wanaopingana, sasa unapaswa kueleza kwa Kiingereza kilichonyooka gari lipi lilitoka wapi, ukijua kwamba mwaka ujao wakili atausoma kila mstari mahakamani. Kama una nafasi ya somo moja tu katika chuo cha karibu, chukua la uandishi. Lafudhi yako haina neno, mradi kwenye redio useme polepole.

---

Mama Neema (Lancaster, Pennsylvania) ameandika:

Mwanangu, ninataka kumsemea baba yako kidogo, kwa sababu vijana mnamsikia akikataa mkadhani ni ushamba.

Sisi tulikotoka, mtu mwenye sare ndiye aliyeweka kizuizi njiani. Tulijua mapema ni nani atatoa matabishi, yaani hongo, na ni binti yupi afichwe nyuma ya mizigo. Mimi hadi leo, nikiona taa za buluu nyuma ya gari langu, mikono inatetemeka, ingawa sijawahi kutendewa ubaya na askari wa hapa. Na tumeishi hapa vya kutosha kujua kwamba hata hapa wako watu weusi waliosimamishwa barabarani wasirudi nyumbani. Baba yako ana hofu mbili kwa pamoja: kwamba utauawa, na kwamba utakuwa kama wale waliomfukuza. Hiyo ya pili ndiyo nzito, na hawezi kuitamka mbele yako.

Kwa hiyo usimshinde kwa hoja za mshahara na pensheni. Mwambie ni jambo gani utakataa kulifanya hata ukiamrishwa. Akisikia umelifikiria hilo, mtazungumza.

Nina swali langu pia. Mwanangu wa kiume ana miaka 13 naye anapenda habari hizi. Je, kuna mahali pa kuanzia kwa mtoto?

---

Afande wa Magharibi ya Kati amejibu:

Shikamoo mama. Umesema vizuri kuliko mimi. Pennsylvania ina kambi za kiangazi za watoto ziitwazo Camp Cadet, zinazoendeshwa kwa ushirikiano na polisi wa jimbo katika maeneo mbalimbali; watoto wa umri wa mwanao hulala huko kwa siku kadhaa wakifanya mazoezi na kuonyeshwa kazi. Uliza kituo cha polisi wa jimbo kilicho karibu nawe.

Nimwongezee kijana jambo la kumwambia baba. Wazee wetu wakisimamishwa barabarani hufanya kile ambacho kwetu ni adabu: hufungua mlango, hushuka, humfuata askari kwa unyenyekevu ili wamsalimie. Hapa askari aliye peke yake gizani huliona hilo kama shambulio. Hapa unabaki ndani, unawasha taa ya ndani, unaweka mikono juu ya usukani na kungoja, na hati zilizo kwenye droo huzichukui mpaka uombwe. Nilimsimamisha mzee mmoja wa Kikongo usiku, taa ya nyuma ikiwa imeungua. Akashuka huku ameshika noti zilizokunjwa. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Baba, shikamoo, rudi ndani ya gari na fedha yako uiweke mfukoni." Alisimama akinitazama, kisha akaanza kucheka, akarudi. Askari mwingine angeona mtu anayemjia na kitu mkononi, na baada ya hapo angeona jaribio la hongo. Jinsi usiku ule ulivyoisha ndiyo sababu ninataka watu wetu waingie kazi hii.

---

Mwana wa Fizi ameandika:

Nawashukuru wote, na wewe Mama Neema kwa namna ya pekee. Nitazungumza na baba Jumapili.

Afande amesema nitayarishe orodha ya ndugu. Hapo pana jambo. Katika faili letu la kambini yumo kaka mmoja ambaye kwa damu ni mtoto wa marehemu baba mdogo. Alilelewa na mama tangu akiwa mchanga na aliandikwa kama mtoto wa nyumba. Kwetu yeye ni kaka, na sijui kumwita vinginevyo. Je, niandike nini?

---

Karani wa Uhamiaji amejibu:

Simama hapo kwanza, na usiandike maelezo zaidi ya familia hapa hadharani.

Hali hiyo ni ya kawaida mno kwa jamii zilizopitia vita, na mara nyingi inaelezeka: wakati mwingine mlezi aliwaeleza maofisa wazi, na faili linaonyesha mtoto wa kulelewa, wakati mwingine karani wa kambini aliandika tu "mtoto" na hakuna aliyeuliza. Kati ya hali hizo mbili kuna tofauti kubwa kisheria, na anayeweza kuathirika ni kaka yako na wazazi wako kuliko wewe. Kabla hujajaza fomu ya polisi, nendeni pamoja kwa wakili wa uhamiaji mwenye leseni, muombe nakala za mafaili yenu kutoka idara ya uhamiaji kwa sheria ya uhuru wa habari, msome kilichoandikwa. Maombi hayo hayana ada. Majibu huchelewa, kwa hiyo yapelekeni mapema. Usimtumie "mtu anayejua kujaza karatasi" wa mtaani. Ukishajua faili linasema nini, utaweza kujibu kweli bila kubahatisha, na wakili atawaeleza kama kuna la kurekebisha kwanza.

---

Binti Pwani (Philadelphia) ameandika:

Samahani kwa kuingilia. Je, wanawake huchukuliwa kwa kazi zilezile, au hupelekwa ofisini? Mimi ni mzaliwa wa Tanga na nina nia kama ya kaka huyu.

---

Afande wa Magharibi ya Kati amejibu:

Kazi zilezile, dada. Wanawake wa kwanza wa polisi wa jimbo la Pennsylvania walihitimu mwaka 1972. Wewe ukihitimu utavaa sare ileile, utapewa silaha ileile na zamu zilezile za usiku, peke yako garini kama sisi. Kama unavaa hijabu, uliza kwa maandishi kabla ya kuomba: mahakama ya rufani inayosimamia Pennsylvania iliwahi kukubali mwaka 2009 kwamba polisi wa Philadelphia wangeweza kumkatalia askari kuvaa hijabu, ila tangu hapo vikosi kadhaa nchini vimelegeza kanuni zao za sare, na mwaka 2023 Mahakama Kuu iliwaongezea waajiri wote mzigo wa kuthibitisha kwa nini hawawezi kumkubalia mfanyakazi jambo la dini yake. Upate jibu lenye sahihi kabla hujaacha kazi uliyonayo.

---

Mwana wa Fizi ameandika:

La mwisho, wakubwa. Rafiki yangu aliambiwa kwamba asiyejiandikisha na Selective Service, ile idara ya kuandikisha wanaume wanaoweza kuitwa jeshini, hapati kazi za serikali. Mimi sikumbuki kama niliwahi kujiandikisha.

---

Karani wa Uhamiaji amejibu:

Sheria inamdai karibu kila mwanamume anayeishi nchini, raia au mkimbizi, ajiandikishe kuanzia miaka 18, na mlango hufungwa siku anapotimiza 26. Wewe una 24, kwa hiyo bado una nafasi. Ingia kwenye tovuti yao leo, weka jina, tarehe yako ya Januari 1 na namba ya hifadhi ya jamii, uone kama umo. Kama humo, jiandikishe papo hapo. Barua ya uthibitisho ichapishe uiweke pamoja na pasipoti.

Na rafiki yako muulize ana miaka mingapi.